Bunduki ya fataki: chuma inabaki, habari inapotea

Katika nyumba moja ya Walikale, juu ya jiko, pale moshi inapita kila siku, kuna bunduki moja iliyofungwa ndani ya gunia. Mwenye nyumba ni mzee wa myaka 80 na kitu. Kabla ya kutuonyesha, alituomba tufunge mlango, kisha akaita mjukuu wake aishushe.

"Jina yangu hapana kuandika," alituambia. "Hata jina ya kijiji, hapana. Mukisema tu Walikale, inatosha. Batu ba hapa bakisikia kama niko na bunduki, kesho nitalala wapi?"

Tulikubali. Gunia ilipofunguka tuliona mtutu mrefu wenye kutu, ubao uliotobolewa na wadudu, na waya ya shaba ambayo mtu fulani wa zamani aliizungusha ili ubao usipasuke. Hakuna chaja, hakuna pahali pa kuingiza masasi kutoka nyuma. Juu ya kitasa kuna nyundo ndogo iliyoinama kama kichwa cha ndege anayedonoa.

Mjukuu ndiye aliyetuita. Mtu mmoja wa mjini, mnunuzi wa vitu vya zamani, alipita kutafuta sanamu na pembe, akaona hii bunduki, akaahidi simu na dola kidogo. Kijana anataka kuuza. Mzee anakataa, na hasemi sababu. Wote wawili walitaka mtu awaambie: hii chuma iko na bei ao hapana?

Tulijibu kwamba sisi ni watu wa gazeti, hatupimi bei. Lakini kuna mambo ambayo chuma yenyewe inasema, na kuna mengine ambayo ni mzee peke yake anaweza kusema.

Fataki ni nini

Wazee wa Kiswahili waliita bunduki kwa namna inavyowaka. Ya kwanza ni gumegume: jiwe inagonga chuma, cheche inaruka, baruti inashika moto. Mvua ikinyesha, gumegume inanyamaza. Ya pili ni bunduki ya fataki, ile ambayo Wafaransa wanaita fusil à piston. Ya tatu ni ya viasi, yaani ile inayopokea risasi nzima kutoka nyuma, na ndiyo mama wa bunduki zote tunazoziona leo barabarani.

Fataki ni kofia ndogo ya shaba, haizidi kucha ya kidole cha mwisho. Ndani yake kuna dawa inayolipuka ikigongwa. Unaivika juu ya kichuchu cha chuma chenye tundu, nyundo inashuka, moto inapita katika tundu na kukuta baruti ndani ya mtutu. Aliyeanzisha njia hiyo alikuwa mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth, mpenda kuwinda ndege, ambaye alipata hati yake mwaka 1807. Kofia ya shaba yenyewe ilienea myaka ya 1820. Kwa mtu wa msitu wetu, ambapo mvua haiombi ruhusa, faida yake inaeleweka bila mwalimu.

Baruti na risasi bado vinaingia kwa mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki. Mtu anapiga mara moja, kisha anaanza kazi upya. Kwa sababu hiyo Mmarekani Samuel Colt alipata sifa kubwa. Mwaka 1836 alipewa hati ya bastola yenye gurudumu la vyumba: kila chumba na baruti yake, risasi yake na fataki yake. Unavuta nyundo, gurudumu linazunguka, chumba kingine kinakuja mbele ya mtutu. Bastola yake ya mwaka 1851, iliyoitwa Navy, ilipiga mara sita bila kushindilia tena. Mwaka ule ule Mwingereza Robert Adams alitoa yake. Ndizo hizo bastola ambazo watu wa Ulaya na Marekani wanakusanya leo, wanazipanga katika makabati ya kioo, wanaandika vitabu juu ya kila parafujo.

Bastola kama hizo, mtu wa kawaida wa kwetu hakuzishika. Zilikaa kiunoni mwa wakubwa wa msafara. Kilichobaki kwa wapagazi, walinzi na wawindaji ni bunduki ndefu ya fataki. Mtu akitafuta karne ya 19 katika nyumba za Masisi na Walikale, ni hiyo atakutana nayo.

Zilifikaje kwenye mto Lowa

Kati ya 1866 na 1870, majeshi makubwa ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindilia. Ufaransa ilichukua Chassepot, Uingereza Snider, Ubelgiji Albini. Zile za zamani, malaki na malaki, zikabaki bila kazi. Wafanya biashara wakazinunua kwa bei ya chuma na kuzipeleka pahali ambapo zingelipwa kwa pembe za ndovu. Zanzibar ilikuwa mlango mkubwa. Mwaka 1888 konsuli wa Uingereza huko, Euan-Smith, aliandika kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Kutoka Zanzibar zilipita Tabora, Ujiji, Kasongo, Nyangwe. Hamed bin Muhammed, ambaye sisi wote tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alijenga nguvu yake juu ya hizo bunduki. Watu wake, wangwana, walishuka mto hadi Kisangani na kuingia katika mito inayotoka kwetu. Lowa inaanza katika milima ya Masisi, inapita Walikale, inashuka hadi mto mkubwa. Ilikuwa barabara tayari. Mjerumani von Götzen, aliyepanda Nyiragongo mwaka 1894, alishuka upande huo huo wa msitu kabla ya kufika mto Kongo.

Kuna jambo moja ambalo tunaomba msomaji alishike. Mwaka 1887 Stanley alipokwenda kumtafuta Emin Pasha, alichukua bunduki za kisasa kwa ajili ya watu wake, lakini alichukua pia tani 2 za baruti na fataki 350,000. Tippu Tip aliahidi wapagazi, naye aliahidiwa baruti na fataki kwa bunduki za watu wake. Mzigo haukumfikia namna walivyopatana, wapagazi wakachelewa, na watu wa kikosi cha nyuma wakafa kwa njaa na magonjwa huko Yambuya wakingoja. Mfalme wa pembe za ndovu, mwenye bunduki maelfu, alisimama kwa sababu ya kofia ndogo za shaba. Bunduki bila fataki ni fimbo nzito.

Wazungu walielewa. Tarehe 2 Julai 1890, katika mkataba wa Bruxelles, walikubaliana kufunga njia ya bunduki nzuri katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya digri 20 kaskazini na digri 22 kusini. Kwa Waafrika waliacha gumegume na baruti ya kawaida tu. Walisema ni kwa ajili ya kumaliza biashara ya watumwa. Lakini ni katika myaka ile ile ambapo walinzi wa mpira wa Leopold, wale makapita, walitembea vijijini na bunduki za fataki, na ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 inawaonyesha wazi. Sheria ilizuia bunduki isipokuwa ile ya mwenye kuandika sheria.

Masoko mawili

Si vizuri kuzungumza juu ya hizi chuma kana kwamba ni mapambo tu. Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe katika Maniema, Livingstone alikuwa sokoni. Watu wachache wenye bunduki waliingia, mmoja akabishana na muuzaji juu ya bei ya kuku, kisha wakaanza kupiga watu. Wanawake walikimbilia mtoni, mitumbwi ikazama. Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Livingstone aliandika kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kuwapiga wauaji kwa bastola, lakini mkubwa wa wangwana aliyekuwa pale, Dugumbe, alimzuia.

Tulipomsomea mzee hayo, alinyamaza kidogo, kisha akasema neno moja: "Ntoto."

Kila mtu wa Walikale na Masisi anaelewa. Ni katika soko la Ntoto, tarehe 20 Machi 1993, ambapo vita iliyochoma Masisi nzima ilianza. Kati ya kuku wa Nyangwe na Ntoto kuna myaka 122. Mtu anayekusanya bunduki za zamani, awe Liège ao Walikale, asijidanganye: anashika kitu kilichotengenezwa kwa kuua watu, na sehemu ya watu hao ni wa kwetu.

Bei inatoka wapi

Mjukuu alikuwa amesikia kwamba huko Marekani bastola moja iliuzwa kwa pesa nyingi. Ni kweli. Mwaka 2018 bastola ya Colt aina ya Walker, ya mwaka 1847, iliuzwa kwa mnada dola 1,840,000. Lakini tulimweleza vizuri. Bastola za aina hiyo zilitengenezwa 1,100 tu hivi. Ile moja ilikuwa katika sanduku lake la kwanza. Zaidi ya hayo, habari yake ilijulikana tangu mwanzo: kapteni wa meli, mtu wa Danemark, aliinunua New York, akarudi nayo kwao, na njia yake yote tangu hapo inafuatika. Wakusanyaji wanalipa chuma, lakini wanalipa zaidi habari iliyo na ushuhuda. Bastola mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, yenye habari na isiyo na habari, bei yake haiwezi kulingana.

Bunduki ya mzee haiko Colt. Tulichukua kitambaa na mafuta kidogo tukapangusa mtutu karibu na kichuchu. Yalionekana maandishi madogo ndani ya duara refu kama yai: ELG, na chini yake nyota. Mjukuu alifikiri ni jina la mtu. Ni alama ya nyumba ya kupimia bunduki huko Liège, Ubelgiji, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1672, ambapo kila mtutu ulijazwa baruti kupita kiasi ili kuona kama utapasuka. Alama hiyo ya yai ilianza 1810. Kuanzia 1893 waliiwekea taji juu. Hii haina taji. Basi ilipimwa kabla ya 1893, na mikono iliyoipima ilikuwa ya wafanyakazi wa Liège ambao bila shaka hawakujua Lowa ni nini.

Mzee alicheka. "Kumbe iko mukubwa kuliko tate yangu!"

Iko mukubwa, ndiyo, lakini katika nchi za wakusanyaji bunduki kama hiyo, yenye kutu na ubao uliooza, haitajirishi mtu. Mnunuzi wa mjini anajua. Anatafuta nyingi kwa bei ya chini, azisafishe kwa msasa, abadilishe ubao, aziuze kwa mtalii ao mtu wa shirika kama "bunduki ya Waarabu". Msasa ukipita, alama ya ELG inaondoka, waya ya shaba inaondoka, na hakuna tena kitu cha kusoma.

Sheria na hatari

Huko nje, nchi nyingi zimeweka mwaka wa mpaka. Marekani inahesabu bunduki kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa 1898 ao mbele ya hapo. Ufaransa inaangalia modeli za kabla ya tarehe 1 Januari 1900. Hata mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2001 juu ya silaha ndogo unasema bunduki iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kamwe kuitwa ya kale.

Kwetu, sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka mwenye bunduki awe na ruhusa. Na tuseme ukweli: kwenye barrière hakuna mtu atakayepangusa mtutu atafute taji ya Liège. Ataona bunduki. Kijana anayetembea nayo kutoka Walikale kwenda Nyabiondo, Masisi na Sake akitafuta mnunuzi, atapita mikono mingi yenye silaha, na kila mkono utakuwa na swali lake. Kwa simu moja anaweza kupoteza roho.

Tena kuna sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni. Kitu cha zamani cha nchi hakitoki nje bila ruhusa. Mnunuzi hakusema hilo.

Halafu kuna hatari ya karibu zaidi. Bunduki ya kushindilia inaweza kukaa na baruti ndani myaka mingi, na baruti nyeusi ikiwa kavu haizeeki upesi. Hii ilikaa juu ya jiko! Kama uko nayo nyumbani, usiipashe moto, usivute nyundo kujaribu, usiache watoto wacheze nayo, usichokoe mtutu mwenyewe. Wenye ujuzi wa kutegua silaha ndio wanaofaa kuiangalia. Na mtu asituambie ni kitu cha makumbusho tu: mafundi wa vijijini hadi leo wanatengeneza magobori ya namna hiyo hiyo, na yanaua nyama na watu vilevile.

Habari ambayo haikuwa ya kuwinda

Jioni, mjukuu alipotoka kuchota maji, mzee alitueleza kwa nini hataki kuuza.

"Batoto bote banajua iko ya kuwinda. Ni vile tulibaambia. Mais tate yangu, mbele ya kufa, alinipatia habari ingine."

Tate yake alikuwa mtoto wakati wangwana walipofika. Walichoma kijiji, wakamchukua pamoja na dada yake. Dada hakuonekana tena. Yeye alikua kati yao, akajifunza lugha yao, hii hii tunayoandika, na siku moja akapewa bunduki. Kisha wakamrudisha upande wa kwao, kama mtu wao, kukusanya pembe. Alirudi kijijini na ile chuma begani. Hakusema aliifanyia nini huko. Alisema tu kwamba mama yake alipomuona alikimbia.

Historia inajua watu wa namna hiyo. Ngongo Lutete mwenyewe, mkuu wa vita wa Tippu Tip, alitekwa akiwa mtoto kabla ya kuwa mtekaji. Vijana wengi waliobeba bunduki za fataki katika msitu wetu walianza njia wakiwa wamefungwa kamba. Anayesoma haya katika Masisi ao Walikale leo hahitaji tumweleze mfano wa siku hizi.

Tulimuuliza mzee kama tunaweza kuandika. Alifikiri muda mrefu. Ile ndiyo iliyokuwa shida yake: akiuza, habari inakwenda pamoja na chuma, na mnunuzi ataitupa. Akibaki nayo bila kusema, itaingia naye kaburini, na wajukuu watabaki na uongo mzuri wa mwindaji.

Wakati unabana. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 vita ilifika Masisi-centre, mwezi wa tatu Walikale-centre. Watu walikimbilia msituni na godoro kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni. Hakuna anayekimbia na gobori ya tate. Na wazee wanakufa katika nyumba za wengine, mbali na watu ambao wangewauliza.

Makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2019 iko mbali. Tervuren iko mbali zaidi. Lakini kuandika hakungoji makumbusho. Mwenye kitu kama hicho apige picha ya bunduki nzima na ya kila alama, bila kusafisha kwa msasa. Aandike katika kaye ya shule: ilitoka kwa nani, ilipita mikono gani, ilifanya nini, mabaya pamoja na mazuri. Kaye hiyo iwe na kopi mbili, moja ikae kwa ndugu wa mbali. Kisha wazee wa familia waone na shefu wao, na watu wa Division ya Utamaduni, namna bunduki yenyewe itatoka nyumbani bila mtu kuumia. Chuma inaweza kwenda. Kaye ibaki.

Wanyanga wa Walikale wanamwimba shujaa wao Mwindo, na habari yake iliandikwa mwaka 1956 kutoka kinywa cha Candi Rureke. Mwindo alizaliwa na konga mkononi, usinga wake wa ajabu, wala si bunduki. Watu wa hapa walijua kuimba shujaa kabla mtutu wa kwanza haujapanda Lowa.

Asubuhi, tukiwa tunafunga mizigo, mzee alimwita mjukuu wake aketi. Kijana alikuja na kalamu, akifikiri ni kwa ajili ya kuandika bei.

"Andika," mzee alimwambia. "Tate yangu hakukuwa muwindaji."